Kutoka kibaba hadi kitambi: historia ya ulaji katika bonde la Kilosa

Kitambi ni mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini, utumbo na kongosho. Ni tofauti na mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja au makalio, ambayo kwa kawaida hayana madhara makubwa. Mafuta ya ndani huachia asidi za mafuta katika damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini, na ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kwa wakulima wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, ni jambo la juzijuzi. Limetokana na mambo matatu yaliyokutana polepole: chakula kilichobadilika, kazi iliyopungua jasho, na hofu ambayo haikuondoka. Magole, kata iliyo kando ya barabara ya Morogoro–Dodoma karibu na mto Mkundi, inafaa kuwa dirisha la kuitazamia historia hiyo, kwa kuwa karibu kila badiliko lililolifikia bonde hili lilipita hapo au jirani yake.

Mtu akishikwa na hofu, ubongo huziamuru tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimwage homoni. Ya kwanza ni adrenalini, inayokimbiza moyo kwa dakika chache. Ya pili ni kotisoli, ambayo huchelewa kidogo kuanza lakini hudumu muda mrefu zaidi. Kazi yake kubwa ni kuhakikisha damu haikosi sukari: hulihimiza ini kutengeneza glukosi, na ikibidi humega hata misuli ili kupata malighafi. Uhusiano wake na tumbo ulionekana hospitalini kabla haujaeleweka. Mwaka 1912 daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, alimweleza mgonjwa mwenye uso wa mviringo na tumbo nene, na mwaka 1932 akakusanya visa vingine vya aina hiyo. Baadaye ikajulikana kwamba wagonjwa wa namna hiyo wana kotisoli iliyopita kiasi. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, Kanada, alionyesha kwamba panya wakitiwa baridi, sumu au jeraha, tezi zao za juu ya figo huvimba vilevile, bila kujali aina ya mateso. Ndipo dhana ya msongo ilipoingia katika sayansi ya tiba.

Lakini kotisoli ina tabia mbili, na bila kuzijua zote historia ya Kilosa haieleweki. Tumbo likiwa tupu na insulini ikiwa chini, kotisoli hutoa akiba ya mwili na mtu hukonda. Chakula kikiwapo, hasa wanga na sukari, insulini hupanda. Homoni hizi mbili zikikutana, mafuta huelekezwa ndani ya tumbo, ambako seli za mafuta zina vipokezi vingi vya kotisoli kuliko zile za chini ya ngozi. Seli hizo zina pia kimeng'enya kinachogeuza kotisoni, ambayo haina nguvu, kuwa kotisoli kamili papo hapo. Kwa hiyo hofu pamoja na njaa hukondesha, na hofu pamoja na shibe hunenepesha kiunoni. Bonde la Kilosa limepitia hali zote mbili, moja baada ya nyingine.

Katika karne ya 19 Wakaguru walikaa zaidi milimani upande wa kaskazini-magharibi, Wasagara katikati, na Wavidunda kwenye milima ya kusini inayoelekea Mikumi. Walilima mtama, uwele, kunde, mbaazi na maboga. Mahindi yalikuwapo lakini hayakuwa bado mfalme wa chungu. Ugali wa mtama uliliwa kwa mboga za majani, nyingi zikichumwa porini, na kwa samaki wa mito au nyama ya mawindo ilipopatikana. Miezi ya mwanzo wa mwaka, kabla ya mavuno mapya, ilikuwa ya ghala tupu. Mwili ulinenepa kidogo baada ya mavuno, ukakonda tena mvua zikianza.

Katikati ya bonde hilo ilipita njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo iligusa Simbamwenni, mji wa Kisabengo pale ilipo Morogoro ya leo, ikavuka tambarare ya Mkata, kisha ikaufuata mto Mkondoa kuelekea Mpwapwa. Richard Burton na John Speke walipita nchi ya Usagara mwaka 1857, na Henry Stanley aliivuka Mkata mwaka 1871 wakati wa mvua kubwa, tambarare ikiwa imejaa maji na tope. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, na ujira wake wa tumbo ulikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo. Kwa mtu anayekaa kitini kibaba ni chakula kingi. Kwa mpagazi aliyetembea tangu alfajiri na mzigo kichwani kilikuwa cha kumfikisha kesho tu. Nafaka hiyo ilinunuliwa vijijini kwa nguo na shanga, na pale misafara ilipoongozana, wenyeji walijikuta wameuza hata akiba yao.

Hofu haikukosekana. Biashara ya watumwa ilifika mpaka milimani, na katika miaka ya 1880 Wahehe walivamia Usagara mara kwa mara, huku wafugaji wa Kimasai wakigombea ng'ombe tambarareni. Vijiji vilijificha kwenye miteremko au kuzungushiwa maboma. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Msowero, si mbali na Magole, akapata alama ya mtawala wa hapo, Mangungu, kwenye karatasi ya mkataba ambayo huyo hakuweza kuisoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi iliyojengwa juu ya mikataba ya aina hiyo. Kotisoli ya watu wa bonde hili katika miaka hiyo haikupimwa na yeyote. Hata kama ilikuwa juu, haikuwa na chakula cha ziada cha kukigeuza kuwa kitambi.

Reli ndiyo iliyoanza kubadili chungu. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912. Kando yake walowezi walijaribu pamba na mpira, kisha mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta pwani ya Tanga mwaka 1893. Baada ya Waingereza kuitwaa Kilosa Agosti 1916, mashamba ya Kimamba, Rudewa na Msowero yaliendelea chini ya mikono mipya, wengi wao Wagiriki na Wahindi. Wafanyakazi wa mkataba, waliojulikana kama manamba, waliletwa kutoka mbali, na siku zao zikahesabiwa kwenye kipande, kadi iliyojaa baada ya kazi 30. Walilishwa posho, na kiini cha posho kilikuwa unga wa mahindi, pamoja na maharage na chumvi.

Hapo ndipo mahindi yalipoushinda mtama. Ndege hawayasumbui sana shambani, yanakobolewa kwa urahisi kuliko mtama, na mwenye shamba la mkonge aliweza kuyanunua kwa tani. Wakulima wa jirani waliyalima ili wayauze mashambani, wakaishia kuyala wenyewe. Ila mkata mkonge hakuwa na nafasi ya kunenepa. Alianza kazi kabla ya jua kuwa kali, akakata majani, akayafunga, akayabeba mpaka kwenye toroli, na posho yake iliishia kwenye jasho. Kitambi katika mashamba hayo kilikuwa cha mwenye shamba, meneja na labda mnyapara, na picha hiyo ya mkubwa mwenye tumbo ilikaa akilini mwa watu muda mrefu baada ya mkonge wenyewe kufifia.

Miaka hiyohiyo madaktari wa Afrika Mashariki walianza kushangazwa na kitu ambacho hawakukiona. Mwaka 1929 C. P. Donnison, aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya, alitangaza vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika wapatao 1,000. Kwa Wazungu shinikizo lilipanda na umri; kwa watu aliowapima lilishuka kidogo baada ya miaka 40. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 alilitaja shinikizo la maisha ya kisasa juu ya akili kuwa sababu kubwa. Hugh Trowell, aliyetibu wagonjwa Uganda mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950, aliangalia sahani badala ya akili, na pamoja na Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago akajenga hoja kwamba nyuzi za mimea, zile zinazotupwa pamoja na pumba, ndizo zilizowalinda watu. Kila mmoja alishika upande mmoja wa jambo. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba pande hizo huchocheana.

Uhuru ulikuja na mashine. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kaya zilizotawanyika zilisogezwa karibu na barabara, na kijiji kikubwa kilimvutia mwenye mashine ya kusaga. Badiliko hilo huonekana dogo, kumbe ndilo lililofika ndani kabisa ya kila nyumba. Zamani unga mweupe ulikuwa kazi ya siku kadhaa. Mahindi yalinyunyiziwa maji, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda litoke, yakapepetwa kwa ungo, yakalowekwa siku mbili tatu, yakatwangwa au kusagwa tena, kisha unga ukaanikwa juani. Mwanamke aliyefanya kazi hiyo alitumia nguvu nyingi kuupata unga kabla ya mtu yeyote kuula. Kwa shughuli za kila siku dona lilitosha. Mashine ya kukoboa ilifanya ya siku tatu kwa dakika chache, na sembe, iliyokuwa ya mgeni na ya sikukuu, ikawa ya kila siku. Ganda na sehemu kubwa ya kiini, penye mafuta, nyuzi na vitamini, vilikwenda kwa kuku na nguruwe.

Serikali nayo ilisukuma mkondo huohuo. Shirika la Taifa la Usagishaji lilisambaza sembe mijini kwa bei iliyopunguzwa na ruzuku, mpaka ruzuku hiyo ilipofutwa mwaka 1984. Katika miaka ya ukame yaliletwa mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakauita unga wake unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi. Waliokula unga huo wanaukumbuka kama chakula cha aibu na dhiki. Kumbukumbu hiyo imeipa sembe nyeupe heshima ambayo lishe yake haistahili: weupe wa ugali umekuwa ushahidi kwamba nyumba haina shida.

Sukari ilikaribia kwa upande mwingine. Magole iko kati ya mashamba mawili makubwa ya miwa, Mtibwa upande wa Turiani na Kilombero kusini, ambako kiwanda kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na sehemu ya mashamba yake imo Kilosa yenyewe. Chai ya rangi yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, pamoja na maandazi au vitumbua, ikachukua nafasi ya uji na kiporo cha asubuhi. Baada ya biashara kufunguliwa miaka ya 1980 na 1990, mafuta ya mawese kutoka ng'ambo yalipatikana kila duka, yakipimwa hata kwa vifuko vidogo. Kukaanga, kulikokuwa anasa, kukawa njia ya haraka kuliko kuchemsha.

Barabara ilikamilisha kazi. Magole na Dumila ni vituo ambapo mabasi na malori ya Dodoma na bara hupunguza mwendo, na tangu serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 magari yamezidi. Mwenye meza ya vitunguu na nyanya huamka kabla ya alfajiri na kufunga usiku, akila kinachopita: chipsi mayai, muhogo wa kukaanga, soda. Dereva wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki siku nzima, mara nyingi mpaka saa nne za usiku. Usingizi unaokatwa namna hiyo una bei yake mwilini. Kwa kawaida kotisoli hushuka jioni. Mtu aliyenyimwa usingizi huibakiza juu wakati ambao ingepaswa kulala, na kesho yake hamu yake huelekea kwenye sukari na mafuta.

Hamu hiyo si ulafi tu. Mwaka 2003 Mary Dallman na wenzake huko California walieleza jinsi panya waliosongwa walivyochagua sukari na mafuta ya nguruwe, na jinsi chakula hicho kilivyotuliza mfumo wa msongo katika ubongo wao. Miaka michache kabla, Elissa Epel alionyesha kwamba wanawake wenye mafuta mengi kiunoni, hata wale wembamba wa mwili, walitoa kotisoli zaidi walipopewa kazi ngumu za kuwasumbua. Uingereza, mwaka 2017, vipimo vya kotisoli kwenye nywele za watu zaidi ya 2,500 wenye umri wa miaka 54 na kuendelea vilionyesha kuwa waliokuwa nayo nyingi walikuwa na viuno vipana zaidi. Hayo ni mahusiano. Hayathibitishi kwamba homoni ndiyo iliyotangulia. Lakini yanakubaliana na yale ya panya na ya wagonjwa wa Cushing, na kuyapuuza ni kubaki na maelezo ya uvivu peke yake, ambayo kwa watu wa Kilosa hayatoshi.

Kwani mahangaiko ya bonde hili yana tarehe. Tarehe 8 Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji ulilipuka Rudewa Mbuyuni, wakafa watu zaidi ya 30. Mwishoni mwa mwaka 2009 Mkondoa ulivunja kingo, ukaingia Kilosa mjini, ukang'oa reli kuelekea Gulwe na kuwaacha maelfu wakilala kwenye mahema. Januari 2014 ikawa zamu ya Magole na Dumila: Mkundi ulifurika, ukazoa nyumba na mazao, na kuharibika kwa daraja kukakata barabara ya Dodoma. Kwa familia iliyopoteza shamba, hofu ya aina hiyo haidumu siku mbili. Hurudi kila mawingu yanapojikusanya milimani, hurudi bei ya mahindi inapoanguka wakati wa mavuno na kupanda wakati wa kununua. Tofauti na enzi ya misafara ni kwamba sasa, kati ya hofu moja na nyingine, dukani kuna sembe, sukari na mafuta.

Jamii nayo haikukiona kitambi kuwa ugonjwa. Kilikuwa dalili ya kazi nzuri na mke anayejua kupika. Mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam akiwa amenenepa alipongezwa. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, kukonda kukawa jambo la kunong'onwa, na unene ukapata thamani nyingine: cheti cha uzima. Takwimu za taifa zinaonyesha matokeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama mwanamke mmoja kati ya kumi wenye umri wa kuzaa alikuwa na uzito uliozidi. Katika utafiti wa mwaka 2015–16 walikuwa asilimia 28.

Mkoa wa Morogoro wenyewe umetoa ushahidi wa karibu. Watafiti waliwafuatilia kwa mwaka mmoja watu 209 waliokuwa wakihama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Katika miezi hiyo 12 uzito wa wastani uliongezeka kwa zaidi ya kilo 2, kwa wanaume na kwa wanawake. Kazi za nguvu, ambazo wanaume wengi walizifanya kijijini, mjini zilibaki kwa kama robo yao. Si kila kitu kiliharibika: mjini walikula matunda na mboga mara nyingi zaidi, jambo linaloumbua dhana kwamba kijijini kila mtu hula vizuri. Anayelima nyanya Magole huziuza barabarani na kurudi nyumbani na unga.

Kwa upande wa mlo, dawa haihitaji duka la mjini. Kituo cha utafiti cha Ilonga, jirani na mji wa Kilosa, kimetoa mbegu za kunde kama Tumaini, Fahari na Vuli, na za choroko kama Nuru na Imara, zilizochaguliwa kwa ardhi na mvua za ukanda huu. Kunde, choroko na mbaazi hupandisha sukari ya damu polepole, hivyo insulini hairuki, na kotisoli hukosa mwenzi wa kushirikiana naye. Dona hufanya hivyo kuliko sembe; makande kuliko ugali mtupu. Utelezi wa mlenda na bamia ni nyuzi zinazoyeyuka, zinazochelewesha sukari kuingia mwilini. Mchicha, matembele, mnavu na mgagani hujaza sahani bila kujaza kiuno. La muhimu kuliko yote pengine ni saa: kifungua kinywa cha kushiba, na chakula cha usiku kuliwa mapema, kabla ya usingizi wa kutosha. Kupunguza sukari ya chai hadi kijiko kimoja ni hatua ndogo yenye faida kubwa, kwa sababu chai hunywewa kila siku na hakuna anayeihesabu kuwa chakula.

Mlo pekee, hata hivyo, hauzuii mto kufurika wala hausuluhishi mpaka wa shamba, na ushauri wa lishe unaompa mkulima lawama bila kugusa yanayomnyima usingizi ni nusu ya ushauri. Kujua hali ya mtu si kazi ngumu. Utepe wa fundi cherehani unatosha: huzungushwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, mtu akiwa amesimama na kutoa pumzi. Shirika la Afya Duniani hulitaja zunguko la sentimeta 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke kuwa mwanzo wa hatari, na 102 na 88 kuwa hatari kubwa.